Mbwa anayetweta kwenye banda la bati: jibu kwa msomaji wa Tabata

Swali: "Nina mbwa dume aina ya German Shepherd, ana miaka minne na uzito kama wa kilo 35. Nilimleta Dar es Salaam kutoka Arusha mwezi Novemba. Mchana tunamfungia kwenye banda la bati, usiku tunamwachia alinde. Tangu Januari anatweta mno, mate yanamchuruzika. Juzi saa 8 mchana tulimkuta amelala ubavu, akisimama anayumba, akatapika. Tulimfunika taulo lenye maji, jioni akapata nafuu. Jirani anashauri nimnyoe manyoya yote na nimpe Panadol. Ni sahihi? Ndani nina paka pia."

Kabla ya habari za manyoya, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hata kama sasa hivi anakula na kutikisa mkia. Mbwa aliyefungiwa chini ya bati saa 8 mchana, akatweta, akatapika, kisha akayumba, amepigwa na joto, na nafuu ya jioni haitoshi kusema amepona. Mwili ukipita kiasi fulani cha joto, ukuta wa utumbo huumia, figo na ini huumia, na damu huanza kushindwa kuganda sawasawa. Mengi ya hayo huonekana siku moja hadi tatu baada ya tukio. Mweleze daktari mlimkuta saa ngapi, alikuwa katika hali gani, na muulize kuhusu kipimo cha damu kinachoonyesha figo, ini na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Wakati huohuo mwangalie nyumbani: mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo chenye damu, au vidoa vyekundu au vya zambarau kwenye fizi na kwenye ngozi ya tumbo. Ukiona kimojawapo, usisubiri kupambazuke.

Panadol usimpe. Mwenye homa, ubongo wake wenyewe ndio umeamua mwili upande joto ili kupambana na ugonjwa, na dawa ya homa huubembeleza ubongo uteremshe kiwango hicho. Mbwa aliyepigwa na joto hana uamuzi huo. Ubongo wake unahangaika kupoza mwili na unashindwa kwa sababu joto linaingia kwa kasi kuliko linavyotoka. Dawa haina cha kuteremsha, ila inaliongezea kazi ini ambalo tayari limeumia. Ibuprofeni na diklofenaki ni mbaya zaidi, maana hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Na kwa paka wako, kidonge kimoja tu cha Panadol ya miligramu 500 kinaweza kumuua. Kama dawa hiyo huwa inakaa mezani, iondoe.

Sasa tuone kwa nini mbwa aliyekuwa hana shida Arusha anahangaika Tabata. Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho la kupoza kwenye nyayo tu, na hilo halimpunguzii joto la maana. Njia yake kubwa ni kutweta: hewa inapita juu ya ulimi, pua na koo vilivyolowa, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Njia hiyo inategemea hewa iwe na nafasi ya kupokea mvuke. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, hewa yake ni nyepesi na usiku kuna ubaridi. Dar kuanzia Desemba hadi Machi mchana huwa nyuzi 31 hadi 33, usiku haishuki sana chini ya 25, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Hilo ndilo fukuto lenyewe. Hewa iliyokwisha kulowa haibebi mvuke zaidi, kwa hiyo mbwa anatweta kwa kasi zaidi, na misuli anayotumia kutwetea nayo inazalisha joto. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar zinaweza kumwelemea kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu penye kivuli.

Mwili wa mbwa hujizoesha joto jipya, lakini polepole. Mabadiliko ya kwanza huchukua wiki mbili au tatu, na kuzoea kikamilifu kunaweza kufika miezi miwili. Wako amekwisha pata muda wa kutosha kuzoea Dar. Kilichomwangusha si mji bali banda, na hakuna mnyama anayelizoea sanduku la bati.

Fanya jaribio hili dogo. Saa 8 mchana ingia humo bandani, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa mgongo wake, ukae dakika kumi. Bati lililopigwa na jua huwa na joto lililo juu sana ya lile la hewa, na hulimwaga joto hilo chini kama mkaa unavyomwaga joto kwa anayeota moto, hata upepo ukiwepo. Ukilipaka chokaa au rangi nyeupe kwa juu linapungua, lakini chokaa husombwa na mvua ya kwanza na peke yake haitoshi. Dawa ya uhakika ni kulinyima bati jua. Mwambie fundi apitishe mirunda juu ya bati, aache nafasi ya sentimita 15 hadi 20, kisha aezeke makuti juu ya mirunda hiyo. Makuti yatapokea jua, na hewa inayopita katikati itabeba joto kabla halijafika kwenye bati. Wengi hulaza makuti moja kwa moja juu ya bati bila nafasi. Inasaidia kidogo, ila joto hushuka na makuti huoza upesi. Kama unaweza kuliondoa bati kabisa na kubaki na makuti matupu, ni bora zaidi. Mvua za masika zinazuilika kwa kuyapanga makuti kwa ukaribu na kuupa paa mteremko mkali.

Paa liwe juu, mita 2 au zaidi, na michirizi yake itokeze nje ya ukuta kama sentimita 60 ili jua la saa 10 lisiingie kwa ubavu. Kuta za bati pande mbili zinazotazamana zifunguliwe: acha ukuta wa sentimita 60 kwa chini, juu yake weka wavu wa chuma uliochomelewa. Upande gani? Msimu huu wa joto ndio msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo fungua upande huo na ule wa kusini-magharibi unaoukabili. Ukifungua mmoja tu upepo hauingii, kwa kuwa hauna pa kutokea. Wakati wa kusi upepo unabadilika, lakini kipindi hicho Dar huwa na nafuu, usijenge kwa ajili yake.

Halafu kuna fensi. Nyumba nyingi za Tabata zina ukuta wa tofali wa mita 2, na banda la mbwa husukumwa kwenye kona ya ukuta huo ili kuokoa nafasi. Kona hiyo haina upepo hata kidogo, na tofali zilizochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi saa 3 usiku. Lisogeze banda mita 2 kutoka ukutani. Kwa mbwa wa kilo 35 eneo la mita 2 kwa 3 linatosha kujinyoosha na kuhama sehemu. Sakafu iwe ya zege laini yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yatoke, pamoja na kichanja cha mbao zenye mianya, sentimita 15 kutoka chini. Mchana atachagua zege lililopoa, mvua ikinyesha atapanda kichanjani.

Yapo ya haraka ambayo watu hufanya na kuharibu zaidi. Turubai la plastiki likitandazwa juu ya wavu hukata upepo na kugeuza banda kuwa tanuri. Gunia lililolowekwa likitundikwa ndani ya banda lililofungwa huongeza unyevu kwenye hewa ambayo tayari imejaa, na sasa mbwa anatweta ndani ya chungu cha mvuke. Gunia hilohilo kwenye banda lililo wazi linalopitisha upepo halina ubaya. Feni nayo humpoza binadamu kwa sababu ana jasho la kukausha. Kwa mbwa mkavu inasaidia kidogo tu, mpaka umlowanishe kwanza. Na umeme ukikatika saa 7 mchana hamna mtu nyumbani, mpango wote umeisha. Feni iwe nyongeza juu ya kivuli na upepo wa asili.

Ikiwa fundi hapatikani wiki hii, basi mbwa asiingie bandani kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Veranda yenye vigae, chini ya mwembe, hata jikoni. Usimfunge mnyororo mfupi penye kivuli cha saa 3 ukadhani umemaliza. Kivuli huhama, mnyororo hauhami, na mbwa aliyejizungusha kwenye mti hawezi kukifuata. Kivuli cha ukuta pia kina hila yake hapa kwetu: mwanzoni mwa Machi jua la Dar hupita karibu wima juu ya utosi, na saa 6 mchana ukuta wa mita 2 hauna kivuli cha kumtosha hata kuku.

Maji. Mbwa mzima huhitaji mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani karibu lita 2 kwa huyu wako, na siku za joto kiasi hicho huongezeka mara mbili kwa urahisi. Mwekee vyombo viwili vya lita 4 kila kimoja, sehemu mbili tofauti, vizito visipinduliwe. Chungu cha udongo kilichochimbiwa hadi nusu ardhini kivulini hutunza ubaridi kuliko sufuria au ndoo ya plastiki, na hakipinduki. Badilisha maji asubuhi na saa 8, usugue chombo kila siku kwa sababu utelezi wa kijani hutokea upesi. Vipande vya barafu ndani ya maji ya kunywa havina madhara, ingawa wengi wameaminishwa vinginevyo.

Kitu kimoja kuhusu maji ya kumwagia: tangi jeusi lililo juu ya mnara na mpira wa maji uliolala uwanjani hutoa maji ya moto saa za mchana, na yale ya kwanza kwenye mpira yanaweza kubabua ngozi. Yaachie yamwagike kwanza mpaka yapoe, yajaribu kwenye kifundo cha mkono wako, ndipo umwelekezee mnyama. Ni busara kuwa na pipa la lita 100 lenye kifuniko kivulini kwa ajili ya dharura tu.

Ikimtokea tena, kanuni ni kupoza kwanza, safari baadaye. Mtoe juani, na papo hapo anza kummwagia maji ya kawaida, usipoteze dakika kumi ukitafuta barafu dukani. Mwagia shingo, mgongo, tumbo, kwapa na mapaja kwa ndani, uepuke pua na mdomo asije akavuta maji. Manyoya ya German Shepherd yana tabaka mbili na huyakataa maji, kwa hiyo pitisha vidole mpaka uguse ngozi iliyolowa. Mtu wa pili apepee kwa feni, ungo au kipande cha boksi bila kukoma. Maji pamoja na upepo ndivyo vinavyotoa joto. Kwa kuwa ni mbwa mwenye umri mdogo, akiwa na fahamu mnaweza kumkalisha kwenye beseni kubwa, maji yafike shingoni, mtu akimshika kichwa.

Taulo mlilomfunika juzi halikuwa chaguo zuri. Kwa dakika mbili tatu za mwanzo linapoza, kisha linapata joto la mwili wake na kubaki juu yake kama blanketi, huku likizuia upepo. Mlaze juu ya taulo lenye maji ukipenda, usilitandaze juu yake.

Nunua kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa, kiandikwe jina la mbwa kisije kikachanganywa na cha watoto. Kipake mafuta kidogo, ingiza sentimita 2 au 3 njia ya haja kubwa, ukiwa na msaidizi wa kumshika kichwa. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Akifika 40 baada ya mchezo, mpumzishe na mpoze. Akifika 41 viungo vya ndani viko hatarini. Wakati wa kumpoza pima kila dakika tano na uache kumwagia maji anapofika 39.5, kwa sababu joto huendelea kushuka lenyewe, na ukizidisha atapata baridi ya hatari. Huna kipimajoto? Mwagia na kupepea mpaka kutweta kutulie, kisha ondokeni. Asipoonyesha nafuu baada ya dakika 10 hadi 15, ondokeni vilevile huku mkiendelea kumlowanisha njiani. Bajaji iliyo wazi pande zote ni nzuri kuliko gari dogo lenye vioo vilivyofungwa. Bebeni lita 10 za maji. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo akiweza kumeza mwenyewe. Asiye na fahamu usimmiminie kitu kinywani.

Utajuaje mapema? Fizi. Zizoee rangi yake akiwa mzima, waridi iliyopauka kidogo. Joto likimzidi huwa nyekundu kama pilipili, mate huwa mazito ya kunata, ulimi hupanuka ncha kama kijiko. Zikigeuka kijivu, zambarau au nyeupe, hali imekuwa mbaya sana. Mbwa aliyetulia kivulini hupumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Hesabu kifua kikipanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

Hapa kuna jambo ambalo wenye mbwa wa Dar hulikosea mara nyingi: si kila kutweta ni joto la hewa. Kupe wa kahawia wamejaa mjini na hueneza magonjwa ya damu yanayoleta homa kali, na mbwa mwenye homa hutweta vilevile. Mpime saa 12 asubuhi, akiwa amelala mahali pa baridi na hajakimbia. Ukisoma 39.8 alfajiri, hilo halitokani na bati. Tafuta kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, angalia kama fizi zimepauka na kama amepunguza kula. Mwambie daktari aangalie damu kwa ugonjwa wa kupe katika safari hiyohiyo. Anaweza kuwa na yote mawili, maana mwenye homa ya kupe huangushwa na joto ambalo mwenzake mzima angelistahimili. Na kama kuna mtu aliwahi kukuambia umpake oili chafu ya gari kuua kupe au ukurutu, kataa. Ni sumu anayoilamba, na huyagandisha manyoya yasipitishe hewa.

Kuhusu kunyoa: usimnyoe. Tabaka la nje la manyoya yake huzuia jua lisifike kwenye ngozi, na kipara katika jua la Februari ni kuungua. Zaidi ya hapo, tabaka la ndani huota upesi kuliko la nje, na baada ya miezi unabaki na mbwa mwenye manyoya ya sufi yaliyoshikana, yenye joto kuliko ya mwanzo. Kinachomtesa ni manyoya ya ndani yaliyokwisha kung'oka na kukwama. Mchane mara tatu kwa wiki kwa kitana cha meno marefu, ukianzia mapajani na nyuma ya masikio ambako hushikana zaidi. Utashangaa ndoo itakavyojaa. Manyoya ya chini ya tumbo unaweza kuyapunguza kwa mkasi, apate kulaza tumbo kwenye zege. Akilowa, hakikisha manyoya ya ndani yamekauka kabla ya usiku, kwa kuwa unyevu wa Dar hugeuza sehemu mbichi kuwa kidonda kwa siku moja.

Mazoezi yawe kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Jioni subiri lami ipoe. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde saba, usipoweza, nyayo zake nazo haziwezi. Kama anavaa kifunga mdomo barabarani, kiwe cha kikapu kinachomruhusu kufungua kinywa na kutweta. Kile cha kitambaa kinachobana midomo humnyima njia yake kubwa ya kupoa. Ukimpeleka ufukweni chukua maji yake ya kunywa, la sivyo atakunywa ya chumvi na kutapika. Chakula kikuu apewe jioni, na ugali wa dagaa usiolika ndani ya saa mbili utupwe. Kwenye gari lililosimama asiachwe hata "nanunua mkate narudi": joto la ndani linaweza kupanda nyuzi kumi katika dakika kumi, na kioo kilichoteremshwa vidole viwili hakibadilishi kitu cha maana.

Paka wako ana akili ya joto kuliko mbwa, atajitafutia kigae baridi au ndani ya beseni la kuogea, mradi milango ya vyumba iko wazi. Mwekee maji kwenye bakuli pana mbali na chakula chake, kwani wengi hawapendi viwili hivyo vikae pamoja. Jua tu kwamba paka hatweti ovyo: akifungua kinywa na kuhema kama mbwa akiwa ametulia, mchukulie kama mgonjwa wa dharura. Ukinunua dawa ya kupe ya mbwa, soma kama ina permethrini, maana hiyo ni sumu kwa paka, hata akilala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda si mrefu. Na kabla ya kufunga stoo au gari asubuhi, mtafute kwanza, kwa kuwa hupenda kujibanza humo kungali na ubaridi.